Karanga Zilizopaswa Kuchomwa

Waliohusika na kifo cha dada yangu mkubwa, na kufukuzwa kwa jirani yetu aliyesingiziwa kifo hicho, ni watatu: mtunza ghala la mazao pale bandarini, baraza la ukoo wetu lililokaa mtaani kwetu Mulongwe, na mimi mwenyewe niliyetia sahihi. Nimewataja mwanzoni kwa sababu katika kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu, ripoti iliyomficha mhusika hadi ukurasa wa mwisho ilirudishwa kwa mwandishi wake. Majina siandiki. Walio hai watajitambua, na wasiojitambua watatambuliwa na majirani zao.

Niweke pia mpaka wa madai yangu. Sisemi kwamba karanga peke yake zilimwua dada yangu. Hakuna daktari mwaminifu anayeweza kuapa hivyo juu ya mtu mmoja. Ini huharibiwa na mambo mengi: homa ya ini inayoambukizwa kwa damu, pombe kali, ukungu wa chakula. Ninachosema ni kwamba sehemu moja ya hatari hiyo ilikuwa mikononi mwetu kuiondoa, nasi tukaitwanga kinuni, tukaitia katika sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, tukalishana.

Kabla ya uhuru nilikuwa karani mdogo katika kituo cha kukagua mazao. Karanga zilitoka Runingu na vijiji vingine vya bonde la Ruzizi. Kila gunia lilidungwa kwa chuma chenye tundu, na karanga zilizotoka zikamiminwa mezani. Mkaguzi alikuwa Mbelgiji mkimya. Alizitazama, akazipasua kwa kucha, akazinusa. Alipoona zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, au zenye vumbi la kijani, gunia lilitiwa alama ya mkaa na kutengwa. Saa kumi, magunia yenye alama yalimwagwa katika shimo nyuma ya ghala na kuchomwa kwa petroli mbele ya mashahidi wawili. Mimi niliandika prosevebali, yaani hati rasmi ya ushahidi: idadi ya magunia, yalikotoka, mashahidi, saa ya kuwasha moto na saa ya kuuzima.

Msomaji asidanganyike na kumbukumbu hii. Mbelgiji yule hakuchoma kwa kulihurumia ini letu. Alichoma kwa sababu karanga mbovu huharibu mafuta, na mafuta yalikuwa yanakwenda kwao. Hakutuambia hata siku moja kwamba tusizile. Mkulima wa bonde alijifunza jambo moja tu, kwamba mbovu hazinunuliwi. Basi akaanza kuzichagua nyumbani kabla ya kuzileta. Nzuri alizitia guniani, mbovu akaziacha jikoni. Desturi yetu ilianzia hapo, na haikupita miaka mingi kabla ya watu kusahau kwamba ilikuwa na mwanzo. Nzuri za soko, mbovu za sombe. Sijui kama kuna watu wengine duniani wanaomtengea mnunuzi wasiyemjua chakula safi, kisha wakawalisha watoto wao kile alichokikataa mnunuzi huyo, na bado wakajisifu kwamba wana akili ya biashara.

Uhuru ulipofika, Mbelgiji aliondoka, na mtunza ghala akapanda cheo, akawa mkubwa wangu. Alikuwa mtu wa sauti kubwa na mikono laini. Magunia mabovu ya kwanza yalipotengwa, nilimkumbusha shimo.

"Shimo gani?" aliniuliza.

"La kuchomea, shefu."

"Weye karani, muzungu ameenda na moto wake. Tumepigania uhuru ili tuchome chakula?"

"Chakula chenyewe kimeoza."

"Iko harufu kidogo tu. Wanawake wanajua namna ya kuitoa."

Ni vema iandikwe kwamba mtu huyu hakupigania chochote. Wakati wenzake walipokuwa barabarani wakidai uhuru, yeye alijifungia nyumbani kwa wakwe zake, akatoka baada ya bendera mpya kupandishwa, akiwa amenenepa. Magunia yenye alama yaligawanywa kwa askari wa zamu, kwa makarani na kwa wake zao. Lakini sheria ya kuchoma haikuwa imefutwa, na makao ya wilaya yaliendelea kudai prosevebali. Akaniita ofisini.

"Andika yamechomwa."

"Mashahidi ni nani?"

"Minye na weye. Tuko wawili, ama hujui kuhesabu?"

Niliandika. Niliandika saa ya kuwasha na saa ya kuzima moto ambao haukuwashwa, kwa mwandiko mzuri, na nakala ya kaboni nikaiweka katika jalada langu kama nilivyofundishwa. Gunia moja lenye alama ya mkaa nililifunga nyuma ya baiskeli yangu, nikalipeleka Mulongwe kwa dada yangu mkubwa. Nilijiona nimemfanyia wema.

Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama yetu kufariki. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi, na aliuza karanga sokoni karibu na daraja la mto. Mbele yake palikuwa na beseni mbili. Moja aliiweka juu ya meza, imejaa karanga nzima, zinang'aa. Ya pili ilikaa chini ya meza, kati ya miguu yake, na ndani yake mlikuwa na zile alizozitoa katika ya kwanza. Jioni beseni ya juu iliporudi tupu, ya chini ilirudi imejaa, na ndiyo iliyoingia kinuni.

Kisha uasi ukaja. Waasi waliingia mjini na dawa yao ya maji ya kuzuia risasi na majani yao vichwani, barabara ya bondeni ikafungwa, mabati ya ghala yakang'olewa, na magunia yaliyobaki yakanyeshewa mpaka yakaota nywele. Watu walikula walichokipata. Mimi pia nilikula. Kwa miezi hiyo simlaumu mtu yeyote, wala mtu asije akajificha nyuma ya miezi hiyo. Mwenye njaa hachagui, na aliyeshiba asijifanye kuwa na njaa. Lawama yangu inaanza siku barabara ilipofunguliwa, karanga safi ziliporudi kutoka Runingu, na nyumba za Mulongwe zikaendelea kula ukungu kwa hiari yao, kwa sababu ndivyo zilivyozoea.

Nakumbuka mchana mmoja wa wakati huo, dada yangu akichagua karanga barazani pamoja na wanawake wa jirani, na mimi nimekaa kando yake nikiwa nimetoka kazini.

"Yaya," nilimwambia, kama tunavyomwita dada mkubwa, "hizi zina ukungu."

"Iko wapi ukungu? Hii ni poda. Wanawake wa biro, pale ofisini kwenu, si wanajipaka?"

"Zinachoma ulimi."

"Ndiyo maana Mungu akaumba pilipili."

"Na wateja wako mbona huwapi hizi?"

Aliniangalia kama mtu anayemtazama mjinga aliyesomeshwa kwa gharama. "Muteja iko na miguu, ataenda kwa mwingine. Weye utaenda wapi?"

Wanawake wote waliokuwa barazani walicheka. Nami nilicheka, nikala sombe, nikaomba niongezewe.

Miaka michache baadaye alianza kukonda. Alisema ni kazi. Kisha tumbo likajaa upande wa kulia, likawa gumu, macho yakageuka manjano, na chakula chochote kikamchukiza. Nilimpeleka hospitali. Daktari alimpima kwa mikono kwa muda mrefu, akaniita kando, akaniambia kwamba ini lake lina saratani, ile ambayo kwetu huitwa kanseri, na kwamba tumechelewa. Aliandika hivyo katika karatasi. Niliikunja vizuri, nikairudisha nyumbani kama hati ya serikali.

Nilikuwa sijafahamu kwamba katika ukoo wetu karatasi haina hadhi yoyote mbele ya mjomba mwenye kelele au baba mdogo mwenye fimbo. Baraza liliitwa asubuhi katika ua wa dada yangu, na kabla sijakaa, uamuzi ulikuwa umekwisha kutolewa. Ni karuho. Wageni wa sehemu zetu waelewe kwamba karuho ni sumu ya polepole ambayo watu wa huku huamini hutiwa katika kinywaji na mwenye husuda. Kwetu mtu mzima hafi kwa ugonjwa. Lazima apatikane aliyemlisha.

Aliyepatikana alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mjane wa ukoo wa wafanyabiashara Waislamu ambao mababu zao walikuwa wakivuka ziwa hili kabla Mzungu hajafika. Kila alasiri, kwa miaka, yeye na dada yangu walikunywa chai ya tangawizi pamoja. Huo ndio uliokuwa ushahidi wote.

"Nani alikuwa anamupa chai?" aliuliza baba yetu mdogo.

"Baba," nilisema, "daktari ameandika. Ni kanseri ya ini."

"Kanseri ni ya wazungu. Sisi tuko na maadui."

"Karatasi hii hapa."

"Karatasi haitapiki. Tumutapishe mugonjwa, ndipo tutajua."

Watu waliguna kwa kukubali, na mmoja akasema kwamba makarani tumesoma mpaka tumepoteza macho. Niliikunja karatasi, nikakaa. Mganga wa kutapisha aliletwa siku hiyo hiyo, akalipwa mbuzi, akamnywesha dada yangu maji ya mizizi. Alitapika siku tatu. Nguvu kidogo alizokuwa nazo zilimwagika katika beseni pamoja na yale matapishi ambayo wazee waliyachunguza kwa kijiti, wakiinama mmoja baada ya mwingine kwa uzito wa maprofesa, wakikubaliana kwamba karuho inaonekana.

Dada yangu alisema kwa sauti ya kukwaruza, "Mama wa jirani hakunipa kitu. Mumuache."

"Munasikia?" alisema baba mdogo. "Amefungwa ulimi. Anamutetea adui yake."

Mjane mwenyewe alikuja mpaka langoni, amejitanda kanga yake, akasimama wima. "Nimekunywa katika birika moja na yeye miaka yote," alisema. "Mbona minye sijafa?"

Kijana mmoja wa ukoo alimjibu, "Mwenye sumu anajua kikombe chake."

Walicheka. Katika ua ambamo mtu alikuwa anakufa, walicheka. Usiku haukuingia kabla mawe hayajaanza kuanguka juu ya bati la yule mama, na keshoye alipakia magodoro na binti zake wawili katika lori, akaenda Kamanyola kwa ndugu zake. Alipopita mbele yangu hakuniangalia. Mimi, mtumishi wa serikali, niliyejua alichoandika daktari, nilikuwa nimesimama na mikono nyuma. Wiki iliyofuata dada yangu alifariki. Kwa waombolezaji walipika sombe, na karanga walizitoa katika beseni ya chini ya meza yake.

Kilichonifumbua macho kilikuja baada ya miaka mingi, katika semina ya kazi. Mtaalamu, kijana wa nchi hii hii, alitueleza kwamba ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi yaliyoanikwa vibaya hutoa sumu isiyoonekana. Haimuui mtu siku ile. Inakaa, inarudi kila siku na kila chungu, inalichosha ini mpaka linaweza kuota saratani, na hatari huongezeka kwa mtu mwenye homa ya ini au mnywaji wa kanyanga, pombe kali ya kienyeji. Kuchemsha na kukaanga hakuimalizi. Niliinua mkono nikauliza kama pilipili inasaidia. Ukumbi wote ulicheka. Sikuuliza kwa mzaha.

Niliporudi nyumbani nilifungua jalada langu. Nakala za kaboni zilikuwepo zote, zina tarehe, zina saa za moto, zina sahihi yangu. Kulikuwa na sumu kweli katika ua ule. Baraza lilikuwa sahihi katika neno hilo moja, na lilikosea katika mengine yote: sumu haikutoka kwa jirani. Tuliitoa ghalani, tukaileta kwa baiskeli, tukaichagua kwa mikono yetu, tukaila kwa vicheko, na alipoanguka mmoja wetu tukamfukuza mtu pekee katika mtaa ule ambaye alimpa kitu safi.

Tangu siku ile nyumba yangu ina taratibu, na majirani wanazicheka. Karanga na mahindi huanikwa juu ya kichanja, si juu ya udongo. Zikikauka hukaa mahali penye hewa. Kila karanga hupita mkononi. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyo chungu, inatupwa, na hapewi kuku wala mbwa. Sigara haiwashwi ndani ya ua wangu, hata na askofu. Kanyanga haiingii. Tunakula lengalenga, yaani mchicha, na matunda ya msimu, ndagala, dagaa wa ziwani, tunazipendelea za kuanikwa jua kuliko zilizokaushwa kwa moshi, na mimi, mzee, natembea kila asubuhi mpaka ziwani na kurudi. Wajukuu wamechanjwa homa ya ini. Hakuna hata kimoja katika haya kinachohitaji elimu ya juu. Wala hakuna kinachoniahidi kwamba sitaugua. Najua wacha Mungu waliokufa kwa saratani na walevi waliozeeka. Hatari hupunguzwa, haifutwi. Lakini mtu anayekataa kuipunguza kwa sababu haifutwi, huyo hana tofauti na anayekataa kufunga mlango kwa sababu wezi wengine hupitia dirishani.

Na watu wa kwetu wanakataa. Wanasali, wanafunga, wanakwenda kwenye maombi ya mlimani, wanauza mbuzi kumlipa mganga wa karuho, wanaazima fedha kwa ajili ya sindano ambazo hawajui zina nini. Kutupa konzi moja ya karanga, hapana. Hiyo ni hasara. Mwezi uliopita nilisimama sokoni Mulongwe mbele ya mwanamke aliyekuwa na beseni mbili, moja juu ya meza, moja chini.

"Mama, hizo za chini ni za nani?"

"Ni za nyumbani, muzee. Haziuzwi."

"Nyumbani kuko nani?"

"Watoto."

"Wangapi?"

"Sita. Kwani unataka kuoa?" Wenzake walipiga makofi. "Muzee wa karanga amekuja kuposa!"

Nilimweleza habari ya ukungu na ini, polepole, kama nilivyoieleza hapa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, "Muzee, mama yangu alikula hizi mpaka akazeeka."

"Na alikufa kwa nini?"

"Walimulisha," alisema. "Karuho. Mutu alimutia kwa chai."

Nilimuuliza tu yule aliyesingiziwa alipelekwa wapi, naye hakujua. Wala hakuwahi kujiuliza.

Kwa hiyo sasa nazungumza rasmi, kama mtu ambaye hana tena cheo cha kuogopa kukipoteza.

Kwa mtunza ghala wa zamani, ambaye anaishi bado, anayeitwa mheshimiwa na kukaa kiti cha mbele kwenye harusi: nakutaka ueleze kwa maandishi magunia yote yaliyoandikwa kwamba yamechomwa katika miaka ile yalikwenda wapi, na ni nani alikuagiza. Kama ni wewe uliyejiagiza, useme hivyo.

Kwa baraza la ukoo wetu: nalitaka likutane mchana, katika ua ule ule, mbele ya majirani walioshuhudia, litamke kwamba mjane aliyefukuzwa hakumtilia mtu sumu, lipeleke wajumbe Kamanyola kwa mama huyo, au kwa binti zake kama yeye hayupo tena, wakaombe radhi kwa maneno hayo hayo, na kiwanja chake, ambacho mmoja wetu amekijengea banda la mbuzi, kirudishwe.

Kwa wanaosimamia soko la Mulongwe: nawataka waondoe beseni za chini ya meza, wachome zilizo mbovu mbele ya watu, na waseme hadharani kwa nini wanazichoma, jambo ambalo Mbelgiji hakulifanya na sisi hatukulifanya baada yake.

Kwa upande wangu, naambatanisha nakala zote za prosevebali za uongo nilizotia sahihi. Sijitetei kwamba niliagizwa. Adhabu yoyote ambayo mamlaka husika itaona inanistahili, ikatwe katika pensheni yangu au itekelezwe juu ya mwili wangu, nitaipokea bila kukata rufaa.

Kwa wote waliotajwa hapo juu nadai jibu la maandishi, lenye tarehe, lenye sahihi ya kila mmoja kwa mkono wake mwenyewe na bila kutia sahihi kwa niaba ya mwingine, kabla masika hayajaanza na karanga mpya hazijalowa.